Milango Miwili ya Siku Moja: Adélaïde Labille-Guiard na Wanafunzi Wake

Tarehe 31 Mei 1783, Akademi ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji mjini Paris iliwapokea wanachama wapya wawili katika kikao kimoja, na wote wawili walikuwa wanawake. Mmoja, Élisabeth Vigée Le Brun, alikuwa na umri wa miaka 28, na tayari alikuwa mchoraji kipenzi wa Malkia Marie-Antoinette. Mwingine, Adélaïde Labille-Guiard, alikuwa na miaka 34. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa vitambaa na mapambo ya nguo, mke aliyetengana na mumewe, na mwalimu wa uchoraji mwenye kundi la wasichana chini yake. Tangu siku hiyo ni nadra kutajwa mmoja wao bila mwenzake, na kwa kawaida Labille-Guiard ndiye anayetajwa wa pili, kama mtu aliyekuja harusini kumsindikiza bibi harusi. Katika makala hii nataka kumweka yeye mbele. Sifanyi hivyo kwa kumwonea huruma, wala kwa kuona kwamba kipaji cha mwenzake kimekuzwa kupita kiasi. Ninafanya hivyo kwa sababu Labille-Guiard alitambua mapema, na kwa gharama kubwa, kwamba fadhila ya mkubwa humwingiza mtu mmoja tu na kisha mlango hufungwa nyuma yake, ilhali yeye alitaka wanafunzi wake nao waingie.

Tofauti ilianzia palepale mlangoni. Kanuni za Akademi zilimkataza mwanachama kujihusisha na biashara ya picha, na mume wa Vigée Le Brun alikuwa mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa picha mjini Paris. Wakubwa wa Akademi waliishikilia kanuni hiyo, malkia akaingilia kati, na mfalme akatoa amri kwamba apokelewe. Labille-Guiard hakuwa na amri ya mfalme mkononi. Alipigiwa kura na wanachama kwa utaratibu wa kawaida, akapita. Wachoraji wawili, siku moja, chumba kimoja, lakini mmoja aliingia kwa neno la mfalme na mwingine kwa hukumu ya wenzake wa kazi.

Haikuishia hapo. Comte d'Angiviller, mkurugenzi wa majengo ya mfalme na msimamizi wa mambo ya sanaa, alipoona kwamba lazima akubali amri ile, aliomba jambo moja kama fidia, nalo ni kwamba idadi ya wanawake katika Akademi isizidi wanne kamwe. Mfalme alikubali. Tayari walikuwamo wawili, Anne Vallayer-Coster, bingwa wa kuchora maua, matunda na vyombo, na Marie-Thérèse Reboul, mke wa mchoraji Vien. Kwa kuingia hawa wawili wapya, nafasi zote zikawa zimejaa siku ileile. Kwa hiyo kikao ambacho wengi hukisimulia kama ushindi mkubwa wa wanawake ndicho kilichofuatwa na komeo. Hoja ya d'Angiviller ilikuwa kwamba nafasi nne zinatosha kuheshimu vipaji, kwa kuwa wanawake hawawezi kuwa na manufaa katika maendeleo ya sanaa, maana staha ya jinsia yao inawazuia kusoma katika shule ya Akademi pale mwanamume anaposimama uchi mbele ya wanafunzi ili achorwe.

Hoja hii inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ilijengwa kama mtego wa samaki, rahisi kuingia na vigumu kutoka. Mwanamke alikatazwa kuchora mwili wa mtu aliye uchi. Asiyejua kuuchora mwili huo hakuweza kutunga picha kubwa za historia, za vita, za miungu ya Wagiriki na za visa vya Biblia, ambazo Akademi ilizipa daraja la juu kabisa. Kilichobaki ni picha za sura na za vitu, yaani madaraja ya chini. Kisha mwanamke huyo aliambiwa kwamba hana mchango katika sanaa ya daraja la juu, na kwa hiyo hana haja ya kukaa katika shule inayoifundisha.

Hata hivyo picha ya sura, iliyodharauliwa na wenye nadharia, ndiyo iliyokuwa na soko. Katika jamii ya makabaila wa Ufaransa picha ya sura ilifanya kazi ambazo leo tumezigawa baina ya vitu vingi. Ilitumwa kwa mama aliye nchi ya mbali, ilitangulia mbele ya bibi harusi katika ndoa za kifalme, ilitundikwa katika balozi, ilirudufiwa kwa ajili ya jamaa na wafuasi, na ilimkumbusha kila aliyeingia sebuleni ni nani mwenye nyumba na ana ukoo gani. Aliyeichora alikaa na mteja wake kwa saa nyingi, akaona jinsi uso unavyolegea mazungumzo yanapokwisha. Hakuna daktari wala padri aliyepewa nafasi ya kumkodolea macho binti wa mfalme kwa muda mrefu namna ile.

Labille-Guiard alizaliwa Paris mwaka 1749, mtoto wa mwisho katika familia ya watoto wanane. Duka la baba yake lilikuwa katika mtaa wa Neuve-des-Petits-Champs, karibu na Palais-Royal, nalo liliuza kanda, lesi, hariri na madoido mengine ya mavazi kwa wateja wenye fedha. Miongoni mwa wasichana waliofanya kazi dukani humo alikuwamo Jeanne Bécu, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kama Madame du Barry, kimada wa mwisho wa Louis XV. Ninalitaja duka kwa sababu linaonekana katika kila picha aliyoichora binti yake. Yeyote aliyekulia dukani anajua kwamba hariri haipokei mwanga kama mahameli inavyoupokea, kwamba lesi ina uzito wake, na kwamba kitambaa kikikunjwa kinasema bei yake kabla muuzaji hajafungua kinywa. Wachoraji wengi walijifunza mambo hayo ukubwani, na inaonekana. Yeye alikua nayo.

Mafunzo aliyapata kwa vipande vipande, kama walivyoyapata wanawake wengi ambao hawakuwa na baba mchoraji. Jirani yao, François-Élie Vincent, alimfundisha picha ndogo ndogo zinazochorwa kwa ajili ya vidani na vikasha. Maurice Quentin de La Tour, gwiji wa pasteli, zile chaki laini za rangi, alimfundisha namna ya kuipa ngozi uhai kwa vumbi tu. Rangi za mafuta alijifunza kwa François-André Vincent, mtoto wa yule jirani, aliyekuwa rafiki yake tangu utotoni. Aliolewa na karani mmoja, Louis-Nicolas Guiard, mwaka 1769, wakatengana kisheria mwaka 1779 bila mtoto. Chama cha wachoraji kilichokuwa kimempokea, Akademi ya Saint-Luc, kilivunjwa mwaka 1776 serikali ilipofuta vyama vya mafundi. Kwa ghafla wanawake wote waliokuwa wakionyesha kazi zao kwa mwamvuli wa chama hicho wakabaki hawana ukumbi.

Hapo ndipo ninapoona akili ya mwanamke huyu ikifanya kazi kwa namna isiyo ya kawaida. Alitaka kuingia Akademi ya Kifalme, na alijua kwamba watu wangesema kazi zake zinachorwa na Vincent. Basi katika miaka ya mwanzo ya 1780 alianza kuwachora kwa pasteli wanachama wa Akademi wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja wao alilazimika kuja, kukaa kitini, na kutazama kwa macho yake mkono wa nani ulioshika chaki. Watu ambao kesho wangepiga kura ndio aliowageuza kuwa mashahidi leo. Wapo wanaouita huo ujanja wa kujipendekeza. Mimi nauona ni uwasilishaji wa ushahidi mbele ya baraza, uliopangwa na mtu aliyejua kwamba kesi yake ingesikilizwa kabla hata ya kufunguliwa.

Picha bora ya mfululizo huo ni ile ya mchongaji Augustin Pajou, iliyopokelewa na Akademi kama kazi yake ya kuingilia, na ambayo leo ni mali ya Louvre. Pajou anaonekana kazini, akifinyanga sanamu ya kichwa cha Jean-Baptiste Lemoyne, ambaye alikuwa mwalimu wake. Mwanafunzi anamtengeneza mwalimu, na mwanamke anayetaka kupokelewa anamchora mwanafunzi huyo aliyekwisha kuwa mwalimu. Tutakutana na jambo hilo tena, kwa sababu halikuwa la bahati.

Kura zilipita, lakini midomo haikufungwa. Wakati wa maonyesho ya Salon ya mwaka 1783, katika ukumbi wa Louvre ambako Akademi ilionyesha kazi za wanachama wake kila baada ya miaka miwili, kilisambazwa kijitabu cha mashairi ya kejeli kilichomshambulia. Kilichezea jina la Vincent, ambalo kwa sikio la Kifaransa linasikika kama kusema mia ishirini, kikadai kwamba mwanamke huyu ana wapenzi mia ishirini, yaani elfu mbili, na kwamba Vincent ndiye anayezigusa picha zake na mwenye picha pia. Ulikuwa utani wa vijiweni, lakini ulimpiga mahali pawili kwa pigo moja, katika kazi na katika heshima. Labille-Guiard hakulia pembeni. Alimwandikia mke wa d'Angiviller barua yenye hoja ya kiwakili kabisa. Alisema kwamba kudharauliwa kwa kipaji ni jambo analolitarajia kila anayejitokeza mbele ya umma, na kazi zake zipo kumtetea. Lakini mwenendo wa mwanamke ukichafuliwa, ni kitu gani kitatundikwa ukutani kuutetea? Polisi waliingilia kati na nakala za kijitabu zikakamatwa.

Angalia lakini alikobisha hodi. Mtu yuleyule niliyemsifu kwa kuingia kwa kura alipobanwa alikwenda kwa mke wa mkubwa, tena mke wa mkubwa aliyeweka komeo la wanawake wanne. Sioni haya kulisema, wala sidhani linampunguzia chochote. Katika Ufaransa ile mtu asiye na mlezi alikuwa kama mtumbwi usio na kamba, na aliyekataa kabisa kubisha hodi kwa wakubwa hakuwa na kanuni wala kazi.

Jibu lake la kweli lilikuja miaka miwili baadaye, katika Salon ya 1785, nalo lilikuwa kanvasi yenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Picha hiyo sasa iko Metropolitan Museum, New York. Amejichora ameketi mbele ya stendi ya kuchoria, mkono wa kushoto umebeba kibao cha rangi, brashi na fimbo ya kuegemeza mkono, na mkono wa kulia uko tayari kwa kazi. Amevaa gauni la hariri ya buluu iliyofifia, lenye lesi kifuani, na kofia kubwa ya majani yenye manyoya na utepe. Hakuna mchoraji mwenye akili timamu anayechora kwa rangi za mafuta akiwa na gauni kama lile. Tone moja tu lingetosha kuliharibu. Binti wa muuza vitambaa alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyesimama mbele ya picha, na ndiyo maana alilivaa. Mwanga unashuka magotini, unapasuka katika mikunjo, unateleza hadi pindo ambapo ncha ya kiatu inachungulia, kisha unaendelea sakafuni penye mbao zilizong'arishwa. Ni tangazo la biashara, na ni tangazo zuri, maana linamwambia mteja kwamba mkono uliolichora gauni hili unaweza kulichora la kwake.

Nyuma ya kiti chake wamesimama wanafunzi wake wawili, Marie-Gabrielle Capet na Marie-Marguerite Carreaux de Rosemond, wamekaribiana kama ndugu. Mmoja anaitazama kanvasi ambayo sisi tunauona mgongo wake tu, na mwingine anatutazama sisi. Gizani nyuma yao kuna sanamu ya bikira wa hekalu la Vesta, ambao Warumi waliwapa kazi ya kulinda moto usizimike, na kichwa cha baba wa Labille-Guiard kilichochongwa na Pajou yuleyule. Mwanamume pekee katika picha nzima ni baba, naye ni jiwe. Yeyote aliyekisoma kile kijitabu cha 1783 alielewa.

Wengi huyaona mengi katika picha hii kuhusu usafi na heshima, na wana haki. Kwangu uzito wake uko kwa wale wasichana wawili. Labille-Guiard angeweza kujichora peke yake, kama walivyofanya wengi, na picha ingekuwa nyepesi na ya kuvutia zaidi. Aliamua kutumia thuluthi ya kanvasi ya gharama kubwa kuwaonyesha watu wawili ambao, kwa mujibu wa kanuni ya nafasi nne, hawakuwa na pa kuingia. Wanafunzi wake walikuwa wakionyesha kazi zao barabarani, pale Place Dauphine, katika maonyesho ya vijana yaliyofanyika hadharani siku ya sikukuu ya Ekaristi. Kwa kuwachora ndani ya picha yake aliwaingiza Salon, wakiwa wamesimama kwa ukubwa wao wa kawaida, bila kuvunja kanuni hata moja.

Mwaka huohuo liliibuka suala la makazi. Wanachama wa Akademi waliweza kupewa nyumba na karakana ndani ya jumba la kifalme la Louvre, na yeye alihitaji nafasi kwa ajili ya kazi na wanafunzi. D'Angiviller alimshauri mfalme asimpe. Sababu aliyoiandika ni kwamba mwanamke huyu ana shule ya wasichana, na wasichana hao wangelazimika kupita katika korido ndefu za Louvre, ambazo mara nyingi zina giza, na kukutana humo na wanafunzi wa kiume. Badala ya nyumba alipewa posho ya livre 1,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) kwa mwaka. Kwa hiyo aliadhibiwa kwa kuwa mwalimu. Angekuwa mchoraji asiye na wanafunzi huenda angepewa funguo, na wakubwa wale waliona ni rahisi zaidi kumnyima nyumba kuliko kununua taa.

Kuhusu ule unaoitwa upinzani wake na Vigée Le Brun sitakaa sana, kwa sababu sehemu kubwa yake ilitengenezwa na wahakiki waliopenda kuona wanawake wawili wakishindanishwa kama majogoo. Ulikuwapo upinzani wa kweli, lakini ulikuwa wa nyumba za wateja wao. Mwaka 1787 Labille-Guiard alipata cheo cha mchoraji wa Mesdames, yaani mashangazi wa Louis XVI, binti za Louis XV ambao hawakuolewa, na mashangazi hao hawakumpenda malkia. Katika Salon ya mwaka huo Vigée Le Brun alionyesha picha ya Marie-Antoinette na watoto wake, iliyokusudiwa kusafisha jina la malkia kwa kumwonyesha kama mama. Labille-Guiard alionyesha picha ya Madame Adélaïde, mwanamke wa miaka 55, amesimama katika vazi rasmi la kifalme kando ya stendi yenye picha ya mviringo ya wazazi wake na kaka yake, wote wakiwa marehemu. Juu ukutani kuna mchongo unaokumbusha siku Louis XV alipokuwa akifa kwa ndui na binti zake wakaja kumuuguza licha ya hatari. Malkia alitetewa kama mama, na shangazi akatukuzwa kama binti. Wasomaji wanaojua jinsi wifi na shangazi wanavyoweza kupimana nguvu ndani ya ukoo hawatahitaji maelezo zaidi.

Nikiulizwa ni nani kati yao mchoraji bora, nitasema kwamba Vigée Le Brun alikuwa na mkono mwepesi na jicho la furaha ambalo Labille-Guiard hakulifikia. Lakini ukizitazama picha zake nyingi kwa mfululizo utaanza kuona kwamba wanawake wake wana midomo na macho ya ukoo mmoja, kana kwamba Ulaya nzima ilikuwa na mama mmoja mrembo. Kwa Labille-Guiard kila uso ulilipiwa peke yake. Madame Adélaïde ana kidevu kizito na macho ya mtu aliyezoea kungoja, na mchoraji hakumwondolea mwaka hata mmoja. Kumwambia mteja wa kifalme ukweli wa namna hiyo, naye akaridhika na kuagiza nyingine, ni ufundi ambao haufundishwi katika shule yoyote, iwe na mtu uchi au isiwe naye.

Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, Vigée Le Brun aliondoka Paris usiku wa Oktoba 1789 pamoja na binti yake, akaenda Italia, Vienna na Saint Petersburg, na kila alikokwenda akakuta makabaila wanaotaka kuchorwa. Labille-Guiard alibaki. Sidhani alibaki kwa ushujaa tu. Wanafunzi wake walikuwa Paris, na Vincent pia. Lakini alibaki na ajenda. Tarehe 23 Septemba 1790, wakati Akademi ikijadili kanuni mpya, alisimama kuzungumza kuhusu wanawake. Mchoraji wa nakshi za shaba Johann Georg Wille, aliyekuwa ameketi karibu naye, aliandika katika shajara yake kwamba mama huyu alitoa hotuba yenye hoja nzuri sana, akithibitisha kwamba kikomo pekee kinachokubalika kuhusu idadi ya wanawake ni kutokuwa na kikomo. Alipendekeza pia wanawake waweze kupewa nafasi ya heshima miongoni mwa viongozi. Hoja hizo hazikupata kuwa kanuni. Mwaka uliofuata, katika ripoti yake maarufu juu ya elimu ya umma, mwanasiasa Talleyrand alimtaja Madame Guiard kwa mpango wake wa kuwafundisha kazi za sanaa wasichana wasio na mali. Huyu ndiye mtu ninayemzungumzia tangu mwanzo. Mlango ulipofunguliwa kidogo, hakuomba kiti kikubwa zaidi kwa ajili yake.

Wateja wake nao walibadilika. Katika Salon ya 1791, ya kwanza kufunguliwa kwa wasanii wote, alionyesha picha za wabunge wa Bunge la Taifa, akiwamo Robespierre, na picha hiyo imepotea. Mikono iliyochora mashangazi wa mfalme ikawachora watu waliokuwa wakiuvunja umwinyi wenyewe. Wapo waliomwita kinyonga. Ninaona ajabu kwamba lawama hiyo humwangukia mara nyingi mchoraji wa picha za sura, ambaye kazi yake kwa asili ni kumchora yule mwenye uwezo wa kuagiza, na ni nadra kumwangukia mwenye kiwanda cha viti, ingawa wote hao walikalia viti.

Pigo kubwa lilikuja kupitia picha moja. Mwaka 1788 mdogo wake mfalme, aliyejulikana kwa cheo cha comte de Provence, alimwagiza picha kubwa ya watu wengi, ikimwonyesha yeye kama mkuu wa jumuiya ya mashujaa wa Saint-Lazare akimpokea mwanachama mpya. Kwa mwanamke aliyefungiwa nje ya picha za historia, agizo hilo lilikuwa ngazi. Hapa palikuwa na mkusanyiko, sherehe, watu wengi katika tendo moja, karibu kila kitu ambacho alikuwa ameambiwa si chake. Aliifanyia kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Juni 1791 mwagizaji alitoroka nchi bila kulipa, na Agosti 1793 watawala wa Paris waliamuru picha hiyo, pamoja na nyinginezo za wakuu wa zamani, zikabidhiwe na kuteketezwa. Ilichomwa. Mwezi huohuo Akademi yenyewe ilifutwa, na chama cha kizalendo cha wasanii kilichojitokeza baada yake kiliamua kwamba wanawake hawatakuwa wanachama. Utawala wa kifalme ulikuwa umetoa nafasi nne. Jamhuri, kwa jina la usawa, haikutoa hata moja.

Inafaa kulihesabu tukio hilo kwa undani wake. Historia ya sanaa huandikwa kwa kutazama vilivyobaki, na kilichochomwa hakina mtetezi. Tunaposema kwamba Labille-Guiard alikuwa mchoraji wa picha za sura tu, mwenye bidii lakini asiye na utungo mpana, tunatoa hukumu baada ya kielelezo kikuu cha utetezi kutiwa moto kwa amri ya serikali. Vigée Le Brun, kwa upande wake, aliishi hadi 1842, akaandika kumbukumbu zake, akazichapisha kati ya 1835 na 1837 na kuambatisha orodha ya kazi zake yenye picha za sura 662. Kumbukumbu hizo ni tamu kusoma, na kwa muda mrefu ndizo zilizotusimulia maisha ya wachoraji wanawake wa enzi ile. Ndani yake amemtaja mchoraji mmoja wa kike ambaye, bila sababu anayoijua, daima alikuwa adui yake na alijaribu kumharibia jina mbele ya binti za Louis XV. Jina hakuliandika. Labille-Guiard hakuacha kumbukumbu za kumjibu. Alikwisha kufariki tangu Aprili 1803.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya huzuni kama inavyodhaniwa. Wakati wa vitisho vikubwa alijiondokea Paris, akaishi kijijini. Alimtaliki Guiard mwaka 1793, talaka ilipokwisha kuruhusiwa na sheria, na miaka michache baadaye akaolewa na Vincent, yule wa mia ishirini. Mwaka 1795 hatimaye alipewa makazi Louvre na posho ya livre 2,000. Korido zilikuwa zilezile na giza lilelile. Carreaux de Rosemond alikuwa amefariki mwaka 1788, lakini Capet alikwenda naye, akaishi katika nyumba hiyo kama binti, na baada ya kifo cha mwalimu wake akaendelea kuishi pamoja na Vincent.

Mwaka 1808, miaka mitano baada ya mazishi, Capet alipeleka Salon picha yake ya mafuta, si kubwa sana, ambayo sasa iko Neue Pinakothek mjini Munich. Inaonyesha karakana iliyojaa watu. Mzee Vien, ambaye alikuwa mwalimu wa Vincent na mume wa mmoja wa wale wanawake wanne wa Akademi, ameketi ili achorwe. Labille-Guiard yuko mbele ya stendi, akiwa hai tena na brashi mkononi. Vincent yumo, na wanafunzi wamesimama kuwazunguka. Capet alikuwa tayari ni mchoraji anayejitegemea, mwenye wateja wake, na angeweza kujiweka popote alipotaka katika mkusanyiko huo. Alijiweka kando ya mwalimu wake, ameketi chini kidogo, ametugeuzia uso, akimwandalia rangi kwenye kibao.